Siku Ugali Ulipoyeyuka Mpui

Juzi juzi niliitwa mjini Sumbawanga kuzungumza na vijana wa ujasiriamali. Walinikalisha mbele, wakanipa maji ya chupa na kipaza sauti. Kijana mmoja akasimama, akaniamkia vizuri, kisha akauliza, "Babu, siri ya mafanikio ya mwasisi wa kiwanda chenu ilikuwa nini?" Nikamjibu, "Siri ilikuwa mimi." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Walidhani najisifu. Nilikuwa sijamaliza sentensi, lakini mshereheshaji alishatazama saa yake, akanishukuru, akanipokonya kipaza sauti kwa adabu, nikarudi kukaa na chupa yangu ya maji.

Basi wajukuu zangu, naimalizia hapa ile sentensi. Siri ilikuwa mimi kuharibu na Mama Gaudensia kutengeneza. Tulifanya kazi hiyo maisha yangu yote ya ujana, na kila mmoja wetu alikuwa hodari katika sehemu yake.

Mama Gaudensia mnamjua kwa sura. Ndiye yule mama mwenye kilemba kwenye pakiti za unga wa uji wa watoto. Leo kiwanda kipo upande wa Pito, kina umeme, wasichana wanavaa kofia za karatasi, na mjukuu wake anakiendesha kwa simu akiwa safarini. Nyuma ya pakiti wameandika kwamba unga huu ulipatikana "baada ya utafiti wa muda mrefu". Niliposoma hivyo nilicheka mpaka mke wangu, Dionisia, akaja kuangalia kama napaliwa. Huo utafiti wa muda mrefu ni mimi na ulichukua asubuhi moja.

Lakini nianze na mashine, maana nyie mmezaliwa mkakuta swichi. Mashine ya kwanza ya Mama Gaudensia ilikuwa Mpui, kwenye kibanda cha matofali ya kuchoma, ya dizeli, inawashwa kwa hendeli ya kuzungusha kwa mkono. Alikuwa mjane. Mumewe alimwachia watoto na ng'ombe wa kulimia, akawauza wale ng'ombe akanunua mashine. Watu walishangaa. Mjane mwenye akili, walisema, hubaki na ng'ombe, kwa sababu ng'ombe huzaa. Yeye akasema, "Kila nyumba hapa inasaga kila wiki. Kulima wanalima mara moja kwa mwaka." Ndiyo elimu yote ya biashara niliyowahi kumsikia akiitoa kwa mdomo.

Akaniajiri mimi kwa sababu moja tu: nilikuwa na mikono mirefu. Nilikwenda kuomba kazi nimevaa suruali nyeupe, nikijua fundi mashine ni mtu mkubwa lazima apendeze. Akanitazama, akanionyesha mashine. Jioni ile suruali ilikuwa na grisi magotini na unga kwingine kote, na hadi leo sijapata jibu kwa nini hakunionya. Nadhani alitaka kuona kama nitarudi kesho yake. Nilirudi, na ile ile suruali, maana sikuwa na nyingine.

Kusaga kuna mambo yake. Mahindi yenye unyevu yanaziba chekeche, na mwenye nayo atakuapia kwamba ni makavu. Usibishane naye, weka punje moja kati ya meno yako uume. Ikilia, saga. Ikinyamaza, mrudishe akaanike. Ulezi ni mdogo, unateleza, unashuka wote kwa pamoja ukiulegezea mlango wa kumiminia, kwa hiyo unaufungulia kidogo kidogo na mkono unabaki pale pale. Chekeche ikitoboka utaisikia kabla ya kuiona, sauti inakuwa nyepesi, na unga ukiufikicha kwa kidole gumba unakwaruza. Haya yote nilifundishwa kwa kukosea. Kwa mfano ule wa chekeche kutoboka, wateja wawili walikula ugali wenye chenga kabla sijajifunza kusikiliza.

Na juu ya yote kulikuwa na sheria moja, ambayo Mama Gaudensia aliirudia kila wiki: kimea kinasagwa mwisho wa siku. Kimea ni ule ulezi uliolowekwa mpaka ukaota, ukaanikwa, ukawa tayari kwa pombe. Ukishakisaga, unapitisha pumba kusafisha mashine, unakung'uta mfuko wa kitambaa unaopokea unga, unafagia, ndipo unafunga. Hakuna kusaga unga wa chakula nyuma ya kimea. Mimi niliiona sheria ile ni ya usafi tu, kama kunawa mikono. Sikujua kimea kina kazi ambayo kinaweza kuifanya ndani ya sufuria.

Sasa sikilizeni. Ilikuwa karibu na sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia. Wageni walikuwa wanakuja, na padri kutoka mjini, na ugali wa sherehe ungekuwa wa ulezi, kama inavyostahili. Parokia ikaleta ulezi wake kwetu. Kwa Mama Gaudensia ile haikuwa kazi ya kawaida, na sababu yake alikuwa shemeji yake, Mzee Kanuti, kaka wa marehemu.

Mzee Kanuti hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa hoja. Hoja yake ilikuwa kwamba mashine ilinunuliwa kwa ng'ombe wa kaka yake, na mwanamke hawezi kuiendesha. "Hata kuiwasha hawezi," alisema kwenye kikao cha ukoo. "Anamtegemea kijana wa kuajiriwa. Siku kijana akiondoka, chuma kitaoza pale na watoto wa marehemu watabaki mikono mitupu. Tuihamishie kwangu Ilemba, mimi nitawatunza." Ukoo ukaona ana jambo. Wakaamua kungoja mpaka mavuno yaishe. Mashine ikionekana imesimama bila kazi, Kanuti aje na mkokoteni aichukue.

Kwa hiyo mnaona. Watu wa parokia nzima wakila unga wa mashine ile na kusifu, Kanuti atasema nini tena? Mama Gaudensia alijua. Mimi nilijua. Na ile hoja ya kijana wa kuajiriwa, niwaambie ukweli, mimi iliniingia kichwani vibaya sana. Nilitembea Mpui kifua mbele. Nilijiona ndiye niliyeshikilia watoto wa marehemu kwa mikono yangu mirefu.

Asubuhi ya kusaga ulezi wa parokia, Mama Gaudensia alikwenda shambani. Akaja msichana mmoja na kikapu cha kimea, ametumwa na mama yake aliyekuwa anapika pombe ya sikukuu hiyo hiyo. Msichana huyo ndiye Dionisia.

"Kaka Frido, nisaidie basi," akasema. "Mama anangoja."

"Kimea mwisho wa siku."

"Haya. Nikamwambie mama umekataa?" Akatabasamu.

Nikasaga kimea asubuhi. Nilikisaga vizuri kuliko kimea chochote nilichowahi kusaga. Nikamsindikiza mpaka njiani, nikarudi nikipiga mluzi, nikamimina ulezi wa parokia nyuma ya kile kimea. Sikupitisha pumba, sikukung'uta mfuko. Nilikuwa nawaza jina la mtoto wetu wa kwanza.

Siku ya sikukuu akina mama wakasonga ugali kwenye masufuria makubwa, wamesimama na miiko. Wanasema ulianza kushika vizuri, halafu ukaanza kulegea. Mpishi mkuu akaamuru unga uongezwe. Wakaongeza. Ukalegea zaidi. Wakaongeza tena. Wajukuu zangu, kadiri walivyoongeza unga ndivyo ugali ulivyozidi kuwa maji, mpaka akina mama wakaanza kutazamana kwa macho ambayo si ya kikristo. Wageni walishanawa. Ukapakuliwa hivyo hivyo. Padri akamega, kilichobaki mkononi mwake kikamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa mtu muungwana. Akauliza kama kuna kijiko.

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na meza ya wazee ili nisikie sifa.

Mama Gaudensia hakupiga kelele. Alikwenda kwenye gunia la unga uliobaki, akachota kidogo, akaulamba. Kisha akaja nilipokuwa nimekaa.

"Frido, unga huu mtamu."

"Ahsante, Mama."

"Sijakusifu. Ni mtamu kama kimea. Nani alikuja?"

Nikataja jina. Akanitazama, akatazama upande aliokuwa Dionisia, akashusha pumzi. "Angalau ni mzuri," akasema, akaondoka. Niliona aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka masikio yanapata moto.

Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo baada ya misa, alisimama mwenyewe. Akasema kimea kilichanganyika na unga, mashine ni yake na kosa ni lake, anawaomba radhi. Hakunitaja. Nilikuwa benchi la nyuma nikiomba paa lidondoke.

Na watu hawakumwamini! Nani amesikia kimea kidogo kuyeyusha sufuria nzima? Hadithi iliyokuwa imeshapita kila nyumba ilikuwa tamu zaidi: marehemu amekasirika. Kauziwa ng'ombe wake, sasa anayeyusha unga wa mjane. Mzee Kanuti hakuianzisha hadithi hiyo, lakini hakuikatisha. Alikuwa akiisikia anatikisa kichwa taratibu na kusema, "Mimi sisemi kitu." Hakuna njia mbaya zaidi ya kusema kitu.

Wanawake wakaacha kuja. Wengine walirudi kwenye mawe ya kusagia, wengine walijitwisha magunia mpaka mashine za mbali. Nilikuwa nawasha mashine asubuhi isikike tu, halafu naizima. Mavuno yalikuwa yanaisha, na upepo wa Ufipa ulikuwa unaingia kibandani ukikuta hakuna hata vumbi la unga la kurusha. Mama Gaudensia alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango, siku nzima, ananitazama. Nilidhani ananihesabia dhambi.

Siku moja akaja mtoto wa kike, mjukuu wa Bibi Oresta. Bibi huyo alikuwa mkongwe wa Mpui, hana jino hata moja. Mtoto akasema, "Bibi anaomba unga. Ule ulioharibika."

Nikawaka. Nikaona hata vikongwe sasa wanatuma watoto waje kutucheka. Nikamwambia, "Mwambie bibi yako akatafute mwingine wa kumtania!" Mtoto akakimbia.

Mama Gaudensia akanyanyuka pale kitini. "Amesemaje?"

"Anatukana, Mama. Eti anataka ule ulioharibika."

"Huyo si mtukanaji, huyo ni mteja. Ndiye mteja pekee tuliyenaye, na wewe umemfukuza." Akajifunga kanga vizuri, akamfuata mtoto mpaka kwa bibi yake. Mimi nikabaki kulinda mashine isiyokuwa na mtu wa kuiiba.

Aliporudi alikuwa anacheka peke yake. Bibi Oresta alikuwa amemwambia hivi: siku ya sikukuu, kwa mara ya kwanza tangu meno yalipomwisha, alishiba. Uji wa kawaida haumshibishi, maana ni maji mengi unga kidogo. Ukiwa mzito unamkaba. Lakini ule ugali wa sikukuu ulikuwa na unga wote wa ugali, na bado aliunywa.

Mama Gaudensia akakoka moto pale pale nje ya kibanda. Akapika uji wa ulezi mzito hadi mwiko ukasimama. Akauepua, akangoja joto lipungue kidogo, akatia kijiko kimoja cha kimea, akakoroga. Tukautazama. Mwiko ukaanza kuinama wenyewe. Mara uji ukawa mwororo, unamiminika, na hakuna tone la maji tuliloongeza.

"Frido," akasema, "mtoto mdogo tumbo lake ni dogo. Ukimpa uji wa maji, amejaa maji. Ukimpa huu?"

Nikasema, "Atakuwa amekunywa ugali."

Akanipa kikombe. Nilikunywa nikiwa na furaha na hasira pamoja. Furaha kwa sababu niliona tumepona, hasira kwa sababu niliharibu kitu kile kwa mikono yangu na sikuona ndani yake chochote zaidi ya aibu. Hapo ndipo ningependa vijana wa ule ukumbi wangenipa dakika tano zaidi. Mkisoma habari za waasisi mnadhani walikuwa na wazo. Huyu wangu hakuwa na wazo, alikuwa na masikio. Alimsikiliza kikongwe mpaka mwisho wakati mimi nilishaziba yangu.

Siku ya kliniki alikwenda zahanati na sufuria, unga na kikopo cha kimea. Mimi nilibeba kuni. Akina mama walikuwa wamejaa na watoto wao wakingoja kupima uzito. Akapika mbele yao bila kuhubiri. Uji ulipokuwa mzito, akampa mmoja mwiko ausimamishe mwenyewe. Kisha akampa kimea akitie mwenyewe, akoroge mwenyewe. Yule mama alipoona unalegea chini ya mkono wake alipiga yowe.

"Sasa," Mama Gaudensia akasema, "marehemu mume wangu yupo hapa? Au ni kimea?"

Zahanati ikaangua kicheko. Nesi akaja kuonja, akampa mtoto mmoja aliyekuwa anakataa chakula, mtoto akamaliza kikombe akadai kingine. Hadithi ya marehemu ilifia pale, na nilimwona mama yake Dionisia akifuta machozi ya kucheka, jambo ambalo mimi binafsi nililiona ni dalili njema.

Lakini Ilemba, kule chini bondeni, ni mbali kidogo, habari hazikuwa zimeteremka. Mzee Kanuti alishapanga siku yake. Akapanda na mkokoteni wa ng'ombe, kamba, na wazee wawili wa ukoo wa kushuhudia. Alifika asubuhi, mashine haijawashwa, akakuta foleni ya wanawake kutoka kibandani mpaka barabarani, wana ulezi, wana kimea kwenye vikapu vyao tofauti. Akaitazama foleni, akaitazama kamba yake. Kisha, kama nilivyosema, alikuwa mtu wa hoja.

"Wateja ni jambo jema," akasema. "Lakini sisi tulisema nini? Tulisema mwanamke hawezi kuiwasha. Hilo limebadilika?"

Wazee wakaguna kwamba kweli, hilo ndilo lilisemwa. Nikamtazama Mama Gaudensia. Yeye akaichukua hendeli ukutani, akampa Mzee Kanuti kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Shemeji, karibu uiwashe."

Mzee Kanuti alikuwa na mabega. Akazungusha. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Akazungusha tena hadi kofia ikamdondoka. Kimya. Wanawake wakaanza kuguna. Hapo nikaona saa yangu imefika. Nikasogea mbele, nikakunja mikono ya shati polepole ili Dionisia, aliyekuwa kwenye foleni, apate nafasi ya kuona.

"Mzee, pisha. Hii inataka mwenyewe."

Nikazungusha. Ikanyamaza. Nikazungusha kwa nguvu zaidi, nikisema kwa sauti maneno ya kifundi kuhusu baridi na presha. Ikanyamaza. Nilizungusha mpaka jasho likanidondoka kwenye hendeli, na foleni nzima inanitazama. Niliogopa, wajukuu zangu. Kulikuwa na watoto wa marehemu mle katika kibanda, wamebanana kwenye magunia, na niliona kabisa kwamba wanakwenda kupoteza mashine yao mbele ya macho yangu, mikononi mwangu mimi niliyekuwa najisifia kijiji kizima.

Mama Gaudensia akanigusa bega. "Pumzika, mwanangu."

Akainama chini ya tanki, akafungua koki ya dizeli. Nilikuwa nimeifunga mwenyewe siku iliyotangulia na kuisahau. Akakaza kanga kiunoni. Akainua kile kikono cha kupunguza presha, akashika hendeli, akaanza kuzungusha bila haraka. Hakutumia nguvu. Aliiacha ipate mwendo wake, izidi, izidi, kisha akakiachia kikono na kuichomoa hendeli kwa wakati mmoja. Mashine ikanguruma, kibanda kikatetemeka, na moshi ukatoka juu mweusi.

Wanawake walipiga vigelegele ambavyo sijavisikia hata kwenye harusi yangu. Wazee wawili wakavua kofia, sijui kwa nini. Mzee Kanuti alisimama akitazama mkanda unavyozunguka. Kisha mama mmoja mwenye magunia mengi akamwuliza kama mkokoteni wake unarudi mtupu, na mwingine akauliza hivyo hivyo. Alipoondoka ulikuwa umejaa unga wa watu, na hakuwahi kurudi tena na kamba.

Mimi nilikuwa bado nimesimama pembeni, sijui nifiche wapi mikono. Zile siku zote alizokaa kitini akinitazama, kumbe hakuwa ananihesabia dhambi. Alikuwa anajifunza. Akaniita kwa kidole nisogee, maana mashine ilikuwa inapiga kelele, akanisemea sikioni:

"Frido, kesho uje mapema kabla ya wateja. Nikufundishe kuiwasha."

Nilikwenda mapema.